Kurekebisha ncha ya wembe wa kukunja iliyomeguka: mwongozo kamili

Wembe wa kukunja ukiponyoka mkononi, ncha ndiyo hutangulia chini. Ukigonga bomba wakati wa kuusuuza, inayogonga ni ncha vilevile. Ndiyo maana utakuta wembe mzuri wa zamani, chuma chake safi na makali yake yamenyooka, ila kona ya mbele imemeguka. Wembe wa namna hiyo hautupwi. Unaweza kusaga ile sehemu iliyoharibika, ukaipa ncha umbo jipya, kisha ukanoa upya. Kazi yenyewe haihitaji nguvu wala mashine kubwa. Inahitaji maji, mkono mwepesi, na kujua ni chuma gani cha kuondoa na ni kipi cha kuacha.

Tukubaliane kwanza majina. Mgongo ni upande mnene wa juu. Makali yako chini. Katikati ni mbavu, ambazo kwenye nyembe nyingi zimebonyea kwa ndani, na kadiri zinavyoshuka chuma kinakuwa chembamba hadi kufikia unene wa karatasi. Ncha ni mwisho wa mbele, kisigino ni mwisho wa nyuma wa makali, karibu na mpini. Mambo yote ya kuogopa katika kazi hii yanatokana na ule wembamba wa karibu na makali.

Chunguza kabla ya kugusa jiwe

Safisha wembe kwa maji ya sabuni, uukaushe, upanguse kwa spiriti. Wembe uliotoka kwa mtu mwingine usianze kuushika ovyo kabla ya hapo. Kisha simama chini ya taa kali na uangalie ncha kwa lenzi ya kukuzia, pande zote mbili. Uchafu na kutu hujificha vizuri sana kwenye pengo, na mtu anaweza kudhani pengo lina nusu milimita kumbe limeingia milimita nzima.

Unatafuta vitu vitatu tofauti. Pengo ni pale chuma kilipomeguka na kuondoka. Ncha iliyopinda ni pale chuma kilipokunjika bila kumeguka. Usijaribu kuinyoosha kwa koleo, maana chuma cha wembe kimechomwa kikawa kigumu na hakina subira ya kukunjwa mara ya pili. Sehemu hiyo ihesabu kuwa imeshaondoka. Cha tatu, na kibaya kuliko vyote, ni ufa. Ufa huonekana kama unywele mweusi unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni. Wakati mwingine hauonekani hadi upake tone la mafuta membamba, uyafute, na usubiri kidogo: mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hutoka tena yakachora mstari.

Pengo unaweza kulisaga hadi ukingo wake ukaishia hapo. Ufa hauna msamaha. Ukiuacha hata robo milimita, utaendelea kupanda kila unapopiga wembe kwenye ukanda (mkanda wa ngozi na kitambaa wa kumalizia kunoa), na siku moja kipande kitabanduka ukiwa unanyoa. Kwa hiyo mstari wa kusagia lazima upite nje ya mwisho wa ufa, si juu yake. Na kama ufa uko katikati ya wembe, mbali na ncha, achana nao. Hiyo si kazi ya kurekebisha ncha tena.

Punguza urefu, usiguse upana

Hapa ndipo wengi huharibu wembe wao. Anaona pengo la milimita moja na nusu kwenye kona, anaweka wembe bapa kwenye kinoo na kunoa hadi makali yote yashuke yafikie chini ya pengo. Pengo litaisha, ndiyo, lakini ameondoa chuma kwenye urefu wote wa wembe kwa sababu ya kasoro iliyokaa kwenye kona moja.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Wembe wa kukunja hunolewa mgongo na makali vikiwa vimelala pamoja juu ya kinoo, kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa wembe ndivyo vinavyoamua pembe ya makali. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5: makali yake yana pembe ya nyuzi 16 hivi. Punguza upana kwa milimita 1.5 na pembe inapanda hadi karibu nyuzi 18. Juu ya hilo, makali yamepanda hadi mahali ambapo mbavu ni nene zaidi, na kila unapotaka kunoa utakuwa unasugua chuma kingi zaidi.

Kupoteza milimita 3 za urefu, kwa upande mwingine, hakukugharimu kitu. Nyembe nyingi zina urefu wa makali wa milimita 70 hivi, na hakuna uso unaohitaji zote. Mimi huona hadi milimita 5 ni biashara nzuri. Zaidi ya hapo wembe huanza kuonekana umekatwa, ingawa bado unanyoa.

Kuchagua umbo

Umbo la ncha mpya linategemea pengo limekaa wapi na wembe ulikuwaje mwanzo.

Ncha ya mraba, yenye kona kali, ni nzuri kwa kuchonga mstari wa ndevu na kufika chini ya pua, lakini ndiyo inayotoboa sikio. Kama pengo lake ni dogo sana, chini ya nusu milimita, usisage umbo jipya. Vunja tu ile kona: iguse kwenye kinoo laini mara chache hadi ipate uduara mdogo ambao jicho halioni ila kidole kinauhisi. Huo peke yake humaliza nusu ya malalamiko ya watu kuhusu ncha ya mraba.

Ncha ya duara ndiyo ninayoipendekeza kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza. Inasamehe. Uduara ukitoka si sawasawa kabisa, hakuna atakayejua, na wakati wa kunyoa haukwami popote. Ila pima vizuri ukubwa wake. Watu hudhani pengo lililoingia milimita 2 kutoka kwenye ncha litaondolewa na uduara wa nusukipenyo cha milimita 2. Hapana. Uduara hukutana na makali polepole, na pale mwishoni huwa haujapanda hata kidogo. Kama pengo limekaa milimita 2 kutoka mwisho na kina chake ni nusu milimita, unahitaji nusukipenyo cha milimita 4 ndipo mstari upite juu ya pengo hilo. Chora kwenye karatasi kwanza utaona.

Ipo pia ncha ya Kifaransa, ambayo hushuka kwa robo duara kutoka mgongoni na kuishia kwa kona kali kwenye makali. Ni nzuri kwa macho, na inafaa pale uharibifu unapoanzia juu, karibu na mgongo. Lakini ile kona ya chini inabaki, na kuisaga bila kuiunguza ni kazi ya mtu aliyezoea. Ile yenye mbonyeo karibu na mgongo, ambayo vinyozi wa zamani waliipenda, iache kwa fundi mwenye gurudumu dogo.

Vifaa

Unahitaji bamba la almasi la namba 300 hadi 400 (namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo), au msasa wa maji uliobandikwa juu ya kioo kinene, msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000 na 2000, tepu ya umeme, kalamu ya maka yenye ncha nyembamba, bakuli la maji, lenzi, miwani ya kukinga macho. Kwa kunoa, vinoo vya namba 1000, 4000 au 5000, na 8000, pamoja na ukanda wa ngozi. Kinoo cha 12000 ni anasa nzuri ukiwa nacho.

Tupa ya kawaida usihangaike nayo. Itateleza juu ya chuma cha wembe bila kukata, na wewe utaongeza nguvu, kisha itaruka. Koleo la kukatia nalo ni marufuku. Chuma kigumu hakikatiki pale unapotaka, hupasuka kuelekea kinakotaka.

Kuandaa wembe

Fungua wembe hadi mpini usimame mahali pasipokusumbua, kisha uufunge kwa tepu kwenye kiungio ili usizunguke. Tone la mafuta kwenye pini ya kiungio litazuia maji kuingia. Funika makali yote kwa tepu ya umeme, mikunjo miwili au mitatu, ukiacha wazi milimita 10 tu za mbele. Usiruke hatua hii kwa kuona unasaga ncha tu. Muda mwingi wa kazi vidole vyako vitakuwa vimebana sehemu ileile ambayo kwa kawaida hakuna mtu huishika.

Paka maka pande zote mbili za ncha, acha ikauke, kisha kwaruza mstari wa umbo jipya kwa sindano. Sarafu au kifuniko chochote cha duara kitakusaidia kupata mzingo ulio sawa. Mstari upite walau robo milimita ndani ya chuma kizima, nje ya pengo. Geuza wembe na uchore upande wa pili pia, maana utakuwa unaugeuza mara kwa mara.

Angalia tena mpini. Nyembe nyingi za zamani zina mpini wa seluloidi, plastiki ya kale inayoshika moto haraka mno. Cheche moja ya mashine inatosha. Ukiwa huna uhakika mpini ni wa nini, uchukulie kuwa ni wa seluloidi: uzungushie kitambaa kibichi, au fanya kazi yote kwa mkono.

Kusaga kwa mkono

Lowanisha bamba. Simamisha wembe wima juu yake, ncha ikitazama chini, mbavu zikiwa zimesimama wima kabisa. Ukiinamisha kulia au kushoto, ncha itatoka na mteremko upande mmoja, na mteremko kwenye chuma chembamba ni makali mengine ambayo hukuyaomba.

Sasa mwelekeo. Vuta wembe mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Kamwe usisukume makali yakitangulia, kwa sababu kona nyembamba itajikita kwenye punje za almasi na kumeguka upya. Usisugue pia kwa kwenda ubavuni, upande hadi upande. Chuma cha karibu na makali kitapepesuka kama jani na kinaweza kupata ufa. Vuta, inua, rudisha, vuta tena. Ni mwendo wa kuchosha kidogo, lakini ndio salama.

Kwa ncha ya duara, kila unapovuta, bembeza mkono: anza sehemu ya juu ya mzingo ikigusa bamba na umalizie sehemu ya chini, karibu na makali. Uzito wa mkono upungue kadiri unavyokaribia makali, hadi mwisho uwe ni kugusa tu. Sehemu ya mgongo ni nene na itaonekana haisogei. Ile ya chini inaisha haraka kuliko unavyodhani. Anayesaga kwa nguvu sawa toka juu hadi chini hupata ncha iliyoliwa chini na kubaki na nundu juu. Kwa hiyo shughulikia nusu ya juu kwanza hadi ifikie mstari, halafu ndipo ushuke.

Kila baada ya kuvuta mara kumi hivi, chovya wembe kwenye maji, pangusa, na uangalie kwa lenzi. Ukiwa umebakiza upana wa mstari wenyewe, acha bamba na uhamie kwenye msasa wa maji namba 600. Punje kubwa za almasi huacha mikwaruzo mirefu kwenye ukingo, na mikwaruzo hiyo ndiyo vianzio vya mapengo ya kesho. Hizo sehemu za mwisho za milimita ziondolewe na kitu laini.

Kuvunja kona ni kazi ya dakika chache. Kurudisha ncha nzima nyuma kwa milimita 3, kuanzia mgongoni, ni kazi ndefu, na mtu akichoka huanza kukandamiza. Weka chini, rudi baadaye.

Ukiamua kutumia mashine

Mashine ndogo ya mkononi yenye kichwa cha almasi inaweza kuondoa chuma cha mgongoni haraka. Kwa nusu ya chini, karibu na makali, mimi siishauri, na sababu ni joto.

Ugumu wa wembe ulipatikana kiwandani kwa kuuchoma, kuuzamisha ghafla, kisha kuupasha tena kwa moto mdogo uliopimwa. Ukiupasha kupita kiwango kile, ugumu unapungua na haurudi wenyewe. Chuma hukuonyesha kwa rangi: kwenye nyuzi 200 na kitu za Selsiasi huwa na manjano hafifu kama majani makavu, karibu na 250 huwa kahawia, na kuelekea 300 huwa buluu. Mgongo mnene unachukua muda kufika huko. Ukingo mwembamba hauna pa kupeleka joto, unafika kabla hujasema lolote. Na usidanganyike ukiona rangi imetoka baada ya kung'arisha. Rangi iko juu juu tu, ulaini uko ndani. Sehemu iliyobadilika rangi isagwe yote hadi kwenye chuma kisichoguswa, jambo linalomaanisha kupoteza urefu zaidi.

Ukitumia mashine, weka mwendo wa chini, gusa kwa sekunde moja, chovya majini, gusa tena. Shika wembe kwa vidole vitupu, bila glavu, sentimita moja au mbili kutoka unaposaga: kidole kitalalamika kwa nyuzi 50 na kitu, mbali sana na hatari ya chuma. Uso wa gurudumu uzunguke ukitoka mgongoni kuelekea makali na kuyaacha. Likizunguka kinyume, linaweza kuyadaka makali na kukunyang'anya wembe. Miwani ni lazima, barakoa pia. Usisage kwa ubavu wa vile visahani vyembamba vya kukatia, hupasuka. Mashine kubwa ya mezani yenye jiwe la kijivu haifai hapa hata kidogo.

Kulainisha

Ncha ikishapata umbo, ukingo wake mpya utakuwa wa kukwaruza na wenye kona pande mbili. Pita na msasa wa maji namba 1000 uliozungushiwa kipande cha mbao au kizibo, kisha 2000, ukifuata mzingo kutoka mgongoni kwenda chini. Vunja kidogo zile kona mbili za pembeni kwenye sehemu nene. Unapokaribia makali, acha. Pale ukivunja kona utakuwa umenoa.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni pale mzingo unapokutana na makali. Lazima viungane bila kituo, yaani bila mstari kukatika. Kikibaki kituo, hata kidogo, umetengeneza kona kali mpya iliyojificha ndani ya uduara, na utaijua siku utakayopita karibu na pua. Jaribu kwa pamba: pitisha ncha taratibu juu ya pamba kavu, kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Ikiacha nyuzi, kuna kitu kinakwama. Rudi kwenye msasa wa 2000, mara mbili tatu, jaribu tena. Pamba isiposhika, ng'arisha kwa dawa ya metali ukipenda. Kung'aa hakuongezi ukali, lakini chuma laini hakishiki kutu upesi.

Kunoa upya

Ondoa tepu, osha wembe wote usibaki na punje ya almasi, kausha. Kusaga kumeacha unyuzi wa chuma uliopinda kwenye kona ya makali na kumeumiza milimita moja ya mwisho, hivyo anzia kinoo cha 1000. Paka maka kwenye makali, pande zote mbili.

Laza mgongo na makali vyote viwili juu ya kinoo na usukume makali yakitangulia, kwa mwendo wa mshazari kutoka kisigino kuelekea ncha. Hapa makali yanatangulia kwa sababu wembe umelala. Tulipokuwa tunasaga ulikuwa umesimama. Baada ya kusukuma mara chache, angalia maka. Mara nyingi itakuwa imefutika kila mahali isipokuwa milimita mbili tatu za mbele. Kishawishi ni kukandamiza ncha kwa kidole ili iguse. Ukifanya hivyo ncha italiwa na makali yatapinda juu. Badala yake, hamisha uzito kwa kuinua kisigino nyuzi moja tu mwishoni mwa mwendo, mgongo ukiendelea kugusa kinoo.

Usiondoke kwenye 1000 kabla makali hayajakata nywele za mkono kwa urefu wake wote, ncha ikiwemo. Vinoo vya juu haviongezi makali pasipokuwepo, vinalainisha tu yaliyopo. Kisha 4000 au 5000, kisha 8000, kila kimoja kwa mkono mwepesi kuliko kilichotangulia.

Kabla ya ukanda, rudia jaribio la pamba. Ncha inayokwama hukwaruza ngozi ya ukanda mara ya kwanza tu unapogeuza wembe, na mkwaruzo haufutiki. Ukipita, piga upande wa kitambaa mara 20 na upande wa ngozi mara 50, mgongo ukitangulia, ukanda ukiwa umekazwa.

Kunyoa mara ya kwanza

Anza na shavu, ambako ngozi ni tambarare, na uache kidevu na chini ya pua kwa mwisho. Wembe ukivuta nywele mbele tu na kukata vizuri nyuma, ncha haijafikiwa na kinoo. Rudi kwenye 1000 kwa maka mpya. Ukikata vizuri lakini ukaacha michubuko ya mstari mmoja mwembamba, kile kituo cha mzingo bado kipo.

Suuza, kausha, paka mafuta membamba, halafu chukua lenzi uangalie ncha tena. Mapengo madogo madogo yaliyojitokeza baada ya kunyoa mara moja au mbili, mahali palepale ulipotumia mashine, maana yake ni chuma kilichounguzwa kimebaki. Saga nusu milimita zaidi, kwa mkono, na unoe tena kuanzia 1000.